Jiwe la Kijani Kando ya Simu

Niliamini, tena kwa moyo wote na diploma ya taifa ikiwa mkononi, kwamba majirani zetu wa Zambia walikuwa wamefunga mashine ndani ya dari yao, juu kabisa ya mlango ambao wasafiri hupitia. Mashine hiyo, watu walisema, ilinyonya kila kitu kilichomo ndani ya simu ya mtu anayepita chini yake: foto, sauti, majina, hata ujumbe ulioufuta mwaka jana, hata ule uliokuwa bado unaufikiria. Dawa yake ilikuwa moja. Uweke kando ya simu jiwe la kijani, yale mawe ya malakite tunayoyaokota kule Kolwezi kama wengine wanavyookota kuni. Na msidhani ni mambo ya uchawi. Umeme unapenda shaba. Mashine ikituma umeme wake kuitafuta simu yako, umeme unakutana na shaba iliyo ndani ya jiwe, unaingia humo, unatulia, unasahau ulikuwa umetumwa wapi. Dereva wa lori aliyenieleza habari hiyo alichora chini kwa kijiti, na mimi, niliyekuwa nimemaliza sura ya umeme kwenye masomo ya mangaribi, yale ya jioni, sikuona kosa hata moja katika mchoro wake.

Mtauliza kwa nini sikwenda kuitazama mashine yenyewe, maana kati ya kituo chetu cha mpakani na chao mtu mwenye sauti nzuri anaweza kuagiza chai bila kuinuka. Nilikwenda, mara nyingi, kupeleka karatasi za malori. Lakini chini ya mlango ule nilipita mbio, kichwa nimekiinamisha mpaka kidevu kinagusa kifungo cha shati, mkono mmoja nikibana jiwe langu mfukoni. Mtu anayepita hivyo haoni dari.

Mimi ndiye Ngoie, Tata Ngoie wenu, baba ya Mujinga. Juzi mlinipa keki na saa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina mahali pa kuchelewa, mkaniambia niwaandikie ninyi mnaobaki yale niliyoyaona kwenye kazi ya kukagua simu za wasafiri. Habari za vyeo na mishahara mtazisikia kwa waliovipata. Mimi nitasema juu ya meza, kitambaa, Tata Mulunda na Fidèle. Na nitasema juu ya wivu, kwa sababu bila wivu ningekuwa bado nje nainua bariyera.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Malori ya shaba yalitoka kwenye mgodi wa Mashamba na kwenye mashimo mengine, yakipanga foleni ambayo, nikisema ukweli wangu, mkia wake ulikuwa Kolwezi na kichwa chake kwangu. Niliinua mti ule wa bariyera hadi mkono wa kulia ukawa mrefu kuliko wa kushoto. Fundi wangu wa nguo yuko hai, muulizeni. Vumbi la malori nililila kuliko bukari, ugali wetu. Na wakati wote huo, kupitia dirishani, niliwaona maajenti wakikaa kwenye kivuli, kila mmoja na kiti chake, kalamu zimesimama ndani ya kikombe. Niliwaonea wivu wa kila kitu. Nilionea wivu hata kikombe.

Kwa hiyo nikaingia masomo ya mangaribi. Nilisomea kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio, kando yangu binti wa jirani ambaye alimaliza kabla yangu na hadi leo ananisalimia kwa huruma. Diploma ilipotoka, karibu niivae kama shati. Nikapewa kiti ndani.

Aliyenipokea ndani ni Tata Mulunda, mzee mwembamba wa kutoka pande za Musumba, aliyekuwa na adabu ya mtu aliyekulia karibu na ikulu ya kifalme: hata mlevi aliyekamatwa hana karatasi alimwita tata, yaani baba, na kumwonyesha kiti kwanza. Nilipoingia, simu za kioo zilikuwa zimeanza kujaa mifukoni mwa wasafiri, na wakubwa walikuwa wametuma agizo kwamba ikitokea sababu, tuzitazame, kwa ajili ya karatasi za uongo za madini zilizokuwa zikisafiri kwa foto kutoka mtu hadi mtu. Wengine walielewa agizo hilo kama ruhusa ya kuchungulia nyumba za watu. Tata Mulunda hakulielewa hivyo.

Siku yangu ya kwanza mezani alinionyesha viti viwili vya kimo kimoja, kimoja cha ajenti, kimoja cha msafiri. Alisema msafiri aliyesimama hasemi ukweli, anasema tu kile kitakachomfanya aondoke. Kisha akanionyesha namna ya kukaa. Simu inabaki mkononi mwa mwenyewe. Mwenyewe ndiye anayefungua, kidole chake ndicho kinachosukuma. Ajenti anasema anatafuta nini na kwa sababu gani, halafu anakalia mikono yake. Ndiyo, anaikalia kabisa, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Kazi ikiisha, anachukua kitambaa kilicholowa maji na kuipanguza meza, hata kama meza ni safi. Nilimuuliza kitambaa ni cha nini, kwani simu haimwagi supu.

"Simu haiko sakoshi, Ngoie," aliniambia, na sakoshi kwetu ni mkoba. "Mu sakoshi muko bintu ya muntu moya. Mu simu muko bantu. Ukimufungulisha huyu, unafungulisha na bale habako hapa, bale habakuitika. Sasa ukipanguza, unajiambia: bale bote beshaenda."

Eti ndani ya simu mna watu ambao hawakukubali kufunguliwa! Nilicheka moyoni. Nilifikiri ni uzee.

Cheko hilo lilikatika upesi. Mama mmoja muuza viatu alikaa mbele yangu. Tulikuwa tunatafuta foto ya risiti moja tu, na kila kitu kilikwenda vizuri, mikono yangu ikiwa imekufa ganzi mahali pake. Lakini nilikuwa nimesahau kumwambia aweke simu katika hali ya ndege, ile inayofunga mtandao. Risiti ikiwa bado juu ya kioo, ujumbe kutoka hospitali ukateremka. Macho yangu yana mbio kuliko adabu yangu. Mimi, mtu wa bariyera, nilijua kwamba mama yule ana mimba kabla ya bwana yake, kabla ya mama yake, na kwa muda wa pumzi moja, kabla yake yeye mwenyewe. Aliisoma habari usoni mwangu kwanza, ndipo akatazama simu. Aliweka kiganja juu ya kioo, akanitazama kama mtu aliyekuta mgeni chumbani anakovulia nguo. Tata Mulunda alinirudisha kwenye bariyera hadi akaona vumbi limenitosha. Tangu hapo, hali ya ndege kwanza, salamu baadaye. Mkisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo msisahau.

Jina lake msiniulize. Meza ilipanguzwa.

Sasa turudi kwenye jiwe. Kwa kuwa niliamini habari ya mashine, niliamini na kinyume chake, kwamba anayebeba jiwe la kijani ana kitu anaficha. Hesabu ilikuwa rahisi. Siku moja akapita Mzee Saidi, msafirishaji wa pande za Kasongo, tasbihi mkononi, na katika mfuko uleule uliokuwa na simu nikaliona jiwe, kubwa kama yai la bata. Nikamkalisha. Nikasema tutatazama simu. Tata Mulunda, aliyekuwa nyuma yangu akinywa maji, akauliza neno lake lile lile.

"Sababu?"

"Ana jiwe, Tata."

"Jiwe haiko sababu."

Basi hivyo tu. Mzee Saidi akarudishiwa njia yake, na mimi nikaelewa kwamba sheria haikubali jiwe kama ushahidi, jambo ambalo niliona ni udhaifu mkubwa wa sheria. Haikunijia hata kidogo kwamba Tata Mulunda alikuwa akisema juu ya jiwe lenyewe, kwamba ni jiwe tu. Mzee Saidi hakunisamehe kirahisi. Kila alipopita baada ya hapo, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti ya foleni nzima: "Tata wa mawe, leo nimebeba tofali. Niingie, ao nirudie?"

Kisha akaja Fidèle.

Fidèle ni mtoto wa mfanyakazi wa reli wa Lubudi, na nadhani alizaliwa amepigwa pasi. Kwenye kituo ambako nzi wenyewe ni wekundu kwa vumbi, shati lake lilikuwa jeupe asubuhi na jeupe jioni. Nilimwonea wivu kuanzia kola hadi soli. Wasafiri waliokuwa wakinibishia mimi mpaka mishipa ya shingo inasimama, kwake walitoa simu kama wanaompa mtoto baba wa ubatizo. Hata kukalia mikono alijua kuliko mimi: alikaa wima, ametulia, utafikiri anapigwa foto. Mimi nikikalia mikono nilifanana na mtu anayetafuta choo. Tata Mulunda, aliyenifundisha mimi kwa kunirudisha kwenye vumbi, alimfundisha Fidèle kwa kutikisa kichwa tu, mara moja, na Fidèle akaelewa. Mzee alipoacha kazi kwenda kupumzika, kitambaa chake alimwachia nani? Siwezi hata kuandika. Mimi aliniachia kikombe cha kalamu. Ni kweli niliwahi kukitamani, lakini hiyo ilikuwa zamani.

Hadi hapo wivu wangu ulikuwa wa kazini. Ulihamia nyumbani kupitia sakoshi.

Mke wangu, Mama Mujinga, ni mchuuzi wa mpakani. Anavusha vikwembe, vile vitenge vya kina mama, kwenda Zambia, anarudi na samaki wakavu, na anaijua barabara ile kuliko wanaoikarabati. Ana pochi ya ngozi anayoivaa shingoni, chini ya blauzi, ndani yake simu na karatasi zake. Jumapili moja alipokuwa akitafuta funguo, aliimwaga pochi mezani, na kando ya simu likaanguka jiwe la kijani. Si yai la bata. Ngumi ya mtu mzima.

Mnielewe. Mimi nilijua, kwa mchoro na kwa sura ya umeme, jiwe lile linafanya kazi gani. Mwanamke anayebeba jiwe dogo anaficha kidogo. Sasa huyu, mwenye jiwe la ngumi nzima, lenye uzito wa kuvunja shingo, tena analivaa karibu na moyo, anaificha nini mashine, kama si kitu kikubwa kama jiwe? Na kile anachoificha mashine, si ananificha na mimi? Sikumwuliza. Ajenti mwenye diploma haulizi, anachunguza. Nikaanza kuhesabu vicheko vyake kwenye simu. Nikaanza kusikiliza anavyosema "aksanti, kwaheri", kama anamwambia mtu mfupi au mrefu. Nikaanza kumwonea wivu mwanamume ambaye sikumjua jina, sura, wala kama yupo, na kila juma alizidi kuwa mzuri. Mwishowe alikuwa na gari.

Ndipo nikamwambia mke wangu aache kuvuka. Nilisema barabara imekuwa mbaya. Alikuwa anachambua samaki, hakuinua kichwa.

"Barabara ilikuwaka muzuri siku gani?" akauliza. Sasa akainua kichwa. "Unipe sababu, Baba Mujinga. Nikiisikia, nitabakia nyumbani. Lakini ukinikataza bure, naenda kwa dada yangu Lubudi, na huku sitarudia."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo sababu nilijua ni kweli. Mama Mujinga akisema ataondoka, sanduku lake linasikia. Sababu yangu ilikuwa jiwe. Nililitafuta neno la kulisema, nikawa kama namsikia Tata Mulunda nyuma yangu akinywa maji: jiwe haiko sababu. Basi nikasema aendelee tu na safari zake, Mungu amlinde, na nyumba yetu ikabaki imesimama juu ya neno ambalo sikulisema, kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Halafu ikaja siku ya basi.

Asubuhi hiyo tulipata habari kwamba foto ya kibali cha uongo inasafiri ndani ya simu ya mmoja wa abiria wa basi la wachuuzi. Tulionyeshwa kibali chenyewe, muhuri umekaa kombo. Sababu ilikuwapo, tena safi: abiria wote, foto za majuma ya karibuni, kibali hicho na si kingine. Nikaketi, nikaweka kitambaa changu tayari. Wakaja mmoja mmoja, mikono yangu chini, macho yangu yakitafuta muhuri kombo tu. Nikainua uso kumwita anayefuata, na anayefuata alikuwa Mama Mujinga, kikapu kichwani, ananitazama kama mtu aliyekuja ofisi ya serikali ambamo hamjui mtu yeyote.

Hapa ndipo kila mmoja wenu ajipime. Mbele yangu ilikuwapo simu ile. Sababu ilikuwapo. Kwa mara ya kwanza sheria na wivu wangu vilikuwa vinatazama upande mmoja. Ningesema tu: mama, hali ya ndege, tafadhali, sukuma. Na kidole chake mwenyewe kingenisukumia yule mwanamume mwenye gari, foto baada ya foto.

Lakini Tata Mulunda alikuwa amenifundisha na hili: ajenti hakai mezani na mtu wa nyumba yake. Anasimama, anaita mwenzake, anatoka nje. Mwenzangu aliyekuwa na nafasi, nadhani mmeshamjua.

Nikasimama. Nikasema, "Fidèle, uchukue hii meza." Nilitoka nje nikasimama karibu na dirisha, kama mtu anayehesabu malori. Nikamwona Mama Mujinga akiketi. Akatoa pochi shingoni, na ili simu itoke, akalitoa kwanza jiwe, akaliweka juu ya meza, puu, kalamu zikaruka. Fidèle hakulitazama. Akasema sababu. Akakalia mikono, wima, anapigwa foto. Kidole cha mke wangu kikaanza kusukuma.

Kisha Fidèle akatabasamu.

Ninawaambia, tabasamu lile lingewasha taa za Kolwezi nzima siku ambayo umeme umekatika. Lilikuja lenyewe, akalibana haraka, akageuza macho ukutani. Na mke wangu, mke wangu niliyemwoa kanisani, akafunika mdomo kwa kiganja na mabega yake yakatikisika. Walicheka pamoja, pale, mbele ya muhuri wa serikali. Kibali hakikuwapo kwake. Kilipatikana baadaye kwa mtu mwingine. Fidèle akapanguza meza. Mama Mujinga akarudisha jiwe kwenye pochi, akabeba kikapu, akapita karibu yangu akisema tu, "Tutaonana, Baba Mujinga." Akavuka, akaenda chini ya mashine yao, amelindwa vizuri.

Tangu siku hiyo palikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua kile nisichokijua katika nyumba yangu mwenyewe, na mtu huyo alikuwa na shati safi.

Nilimvizia Fidèle kama paka. Nilimwalika bia, nikamwalika mbuzi wa kuchoma, nikamsifia reli za Lubudi ambazo sijawahi kuzipenda. Nilizungusha maneno hadi mimi mwenyewe nikapotea ndani yake: nilimwambia kuna rafiki yangu, ajenti wa kituo kingine, ambaye mke wake alikaguliwa na mwenzake, je, huyo rafiki afanye nini? Fidèle alimaliza nyama iliyokuwa mdomoni, taratibu.

"Umwambie rafiki yako aulize mwanamuke wake," alisema. "Mi ile meza nilisha kuipanguza, Tata Ngoie."

Jambo moja lilinishangaza, na nililiona bila kutaka: uso wake kwangu haukubadilika. Mtu aliyeona mke wako anakudanganya huanza kukuhurumia, au kukudharau, au anakuachia kiti chenye kivuli. Fidèle alinisalimia vile vile, alinibishia vile vile. Nililichukua hilo kama uthibitisho wa unafiki mkubwa kupita kiasi.

Na nyumbani simu ilikuwa pale. Siku moja Mama Mujinga alikwenda kwa jirani na kuiacha mezani, inakula umeme. Namba yake ya siri niliijua; nani haijui tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake wa kwanza? Nilivuta kiti. Simu ikawaka kidogo, ikazimika. Niliitazama jinsi wachimbaji wanavyotazama ukuta wa kijani wa mgodi. Mama Mujinga aliporudi alinikuta bado pale, wima, viganja vyote viwili chini ya mapaja.

"Unasikia baridi?" akauliza.

Nikasema kidogo. Akaniletea sweta. Ilikuwa msimu wa joto, nikaivaa.

Hivyo ndivyo nilivyomaliza kazi: nimejaa siri za watu nisiowajua, zote nimezipanguza, na moja tu niliyoitaka iko kichwani mwa mwingine. Siku ya kuagwa mlikuja uani kwangu, mkala, mkacheza. Fidèle alitoa hotuba, fupi, nzuri, jambo ambalo pia lilinichoma, akasema kwamba siku moja alimwona Tata Ngoie akisimama na kuacha meza wakati wengine wangebaki wamekaa, na kwamba siku hiyo ndiyo aliyojifunzia kazi. Mlipiga makofi bila kujua anasema nini. Kisha akaenda kumuaga Mama Mujinga pale kwenye vyungu, na wakacheka tena, kicheko kile kile cha dirishani.

Wageni walipoondoka, sikungoja hata sahani zioshwe. Sikuwa ajenti tena. Nilikuwa na haki ya kuuliza kama mjinga yeyote.

"Siku ya basi," nikasema, "Fidèle aliona nini mu simu yako?"

Mama Mujinga aliweka sufuria chini. Alinitazama, nadhani akipima ni tangu lini nimelibeba swali hilo, na uzito wake.

"Alikuona weye," akasema.

Akafuta mikono, akaleta simu, akasukuma kwa kidole chake mwenyewe, nyuma, nyuma sana. Akanipa. Ni mimi. Ni wakati wa malaria ile kubwa ambayo ingeangusha tembo na ndugu zake. Nimefunga kikwembe chake cha maua mekundu kifuani kama bibi harusi, soksi ndefu miguuni, kofia ya sufu ya mtoto kichwani, mdomo wazi, nimeshika mchi kwa mikono miwili, natwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba malaria hutoka na jasho la kutwanga.

"Nilikuwa nasukuma, ile ikatokea," alisema. "Aligeuza macho mbio. Akasema: mama, uendelee, ile haiko ya kazi. Nikamwambia, lakini si mukubwa wako huyu? Akasema: sijamuona mutu."

Nilikaa chini. Mnakijua kituo chetu. Mnajua jina la utani pale linaishi kuliko lori, na kwamba Mzee Saidi hadi leo ananiita Tata wa mawe. Fidèle angesema neno moja, moja tu, wakati wa chai, ningekuwa Mama Maua hadi kwenye tangazo la mazishi. Alikaa kando yangu na foto ile kichwani, nikimvizia, nikimnunia, nikimwalika mbuzi kwa nia mbaya, na hakuna hata pembe ya mdomo wake iliyonichongea. Niliyekuwa ndani ya simu bila kuitikia nilikuwa mimi. Hapo nilimwonea Fidèle wivu kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu.

Kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika, nikauliza na lile la pili. Nikamwambia yote: mashine ya dari, umeme unaosahau njia, mchoro wa dereva, jiwe lake la ngumi karibu na moyo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na kwa Mama Mujinga hiyo ni kazi ngumu. Kisha akaingia ndani, akatoka na jiwe na mizani yake ya samaki, akaining'iniza kwenye msumari wa mlango, akaweka jiwe. Mshale ukasogea, ukasimama.

"Kule ku dari kuko feni, Baba Mujinga," alisema. "Na hii jiwe haizuie kitu. Ni kilo moya. Napimiaka nayo mizani ya benye kuuzisha samaki kule Zambia, basinidanganye."